Radieta Haina pa Kukaa: Namna ya Kuchagua Joto la Jiko Lililoungana na Sehemu ya Kulia

Ukishabomoa ukuta kati ya jiko na sehemu ya kulia chakula, unapata mwanga, unapata nafasi, na anayepika hajitengi tena na waliokaa mezani. Unachokosa ni ukuta, na radieta (kile kifaa cha ukutani kinachopasha chumba kwa maji ya moto) bila ukuta haina pa kukaa. Upande mmoja makabati yamepanda hadi darini, upande wa pili ni milango ya vioo, wa tatu ni njia ya kupita, na kipande kilichosalia kimeshatengewa friji. Wengi wakifika hapo hukimbilia kuchagua kifaa, ama kwa sababu wamekiona kwa jirani au kwa sababu ndicho fundi wao anachokifahamu. Hesabu huja baadaye, pale chumba kinapokataa kupata joto.

Hapa tutaanza na chumba chenyewe, kisha saa unazokitumia, kisha nishati uliyo nayo nyumbani. Ukifuata mpangilio huo, vifaa vingi vitajiondoa vyenyewe na utabaki na viwili vitatu vya kulinganisha.

Hatua ya 1: Jua chumba kinapoteza joto kiasi gani

Kazi ya kifaa cha joto ni kurudisha kile kinachovuja, basi. Kwa hiyo anza kwa kupima uvujaji. Orodhesha kila sehemu inayogusana na nje: kuta za nje, vioo, paa, sakafu. Chukua eneo la sehemu hiyo kwa mita za mraba, zidisha kwa kiwango chake cha kupitisha joto (mafundi hukiandika kwa herufi U), kisha zidisha kwa tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje. Jibu ni wati. U ikiwa ndogo, joto linapita kwa shida. Ukuta wa nje wenye kihami joto kizuri (tabaka linalozuia joto lisipite) una U ya karibu 0.3, ukuta mnene wa matofali usio na kihami hufika 2 hivi, dirisha la kisasa la vioo viwili ni karibu 1.4, na kioo kimoja kitupu ni karibu 5.

Tuchukue chumba cha mita 8 kwa 5 chenye dari ya mita 2.5, yaani mita za ujazo 100. Siku ya baridi kali nje ni nyuzi 3 chini ya sifuri, na ndani tunataka 20. Tofauti ni 23. Milango ya vioo ya mita za mraba 8.4 yenye U ya 1.4 inapoteza wati 270. Kuta za nje za mita za mraba 24 zenye U ya 0.3 zinapoteza 166. Paa la mita za mraba 40 lenye U ya 0.18 linapoteza 166 pia, na sakafu ya 40 yenye U ya 0.2 inapoteza 184. Bado hewa. Zidisha ujazo wa chumba kwa idadi ya mara hewa inapobadilika kwa saa, kisha kwa 0.33, kisha kwa tofauti ya nyuzi. Hewa ikibadilika mara moja tu kwa saa, hizo ni wati 759. Jumla yote ni kama wati 1,545.

Itazame tena hesabu hiyo. Karibu nusu ya joto lote linatoka pamoja na hewa. Upenyo chini ya mlango, tundu la bomba lisilozibwa nyuma ya makabati, fremu iliyopinda kidogo: hivyo ndivyo vya kushughulikia kwanza, na mara nyingi kazi yake ni ya siku moja.

Sasa chumba hicho hicho ukiweke katika nyumba ya zamani: kuta zenye U ya 2, kioo kimoja chenye U ya 5, paa lenye 0.5, sakafu yenye 0.7, na hewa inayobadilika mara moja na nusu kwa saa. Unapata zaidi ya wati 4,300. Ukubwa ni ule ule, lakini mahitaji ni karibu mara tatu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "chumba cha mita 40 kinataka kifaa hiki" bila kuuliza habari za kuta na vioo, mshukuru na uendelee na safari yako. Na kama dari imeinuliwa hadi kwenye mapaa, au ngazi inaanzia humo humo jikoni, hesabu ujazo wote, kwani hewa ya moto itapanda huko kabla haijamfikia mtu yeyote mezani.

Hatua ya 2: Kifyonza moshi kihesabiwe peke yake

Hiki husahaulika kuliko vyote, ndiyo maana nakileta mapema. Kifyonza moshi kinachotoa hewa nje, kikiwa katika kasi ya kati, kinaweza kuvuta mita za ujazo 400 kwa saa. Katika chumba chetu maana yake ni hewa yote kubadilishwa mara nne kwa saa, na kila inayotoka inafuatwa na ya baridi kutoka nje. Zidisha 400 kwa 0.33 kwa 23: zaidi ya wati 3,000. Wakati unakaanga vitunguu, chumba kinapoteza kwa njia hiyo moja karibu maradufu ya wati zinazopotea kwa njia nyingine zote zikijumlishwa.

Usikimbilie kununua kifaa cha kufidia wati hizo. Oveni nayo inatoa joto, na kila mtu aliyekaa ana wati kama 100 zake mwenyewe, hivyo upishi hujilipia kiasi fulani. Punguza kasi ya feni pale mvuke unapopungua. Hakikisha bomba lake lina kilango kinachojifunga feni ikizimwa, la sivyo utakuwa na tundu la upana wa sahani linalopitisha baridi usiku kucha. Vipo vifyonza moshi vinavyochuja hewa kwa makaa na kuirudisha ndani. Hivyo havipotezi joto, ila mvuke wote unabaki chumbani na kutua kwenye vioo. Ukipika kwa gesi, mimi ningeng'ang'ania kinachotoa nje, kwa kuwa si harufu tu unayoiondoa, bali pia hewa chafu ya mwako.

Hatua ya 3: Hesabu saa, usihesabu mita peke yake

Kuna nyumba ambazo jiko la wazi ndiyo sebule. Asubuhi watu wanakunywa chai hapo, mchana mmoja anafanya kazi mezani, jioni watoto wanaandika huku wengine wanapika. Kuna nyingine ambazo chumba hicho hicho kinaamka saa moja asubuhi kwa nusu saa na kurudi uhai saa moja jioni kwa saa mbili. Nyumba hizi mbili hazifai kupewa kifaa kimoja hata kama vipimo vyao vinalingana hadi sentimita.

Sababu iko kwenye uzito. Kupandisha hewa ya chumba chetu kwa nyuzi 10 kunahitaji takriban theluthi moja tu ya kilowati-saa, na ndiyo maana kifaa cha feni huonekana kufanya maajabu ndani ya dakika chache. Sakafu ya saruji yenye unene wa milimita 70 na eneo la mita za mraba 28 (ndizo zitakazobaki katika chumba chetu tukiondoa makabati) ina uzito wa karibu tani 4. Kila uzi mmoja wa joto unaoiongezea unakula karibu kilowati-saa 1, na hutasikia kitu kwa saa kadhaa. Ila ikishashika joto hailiachi upesi. Anayekaa chumbani kutwa atafurahia uzito huo. Anayekitumia kwa vipande vipande atakuwa analipia sakafu yenye joto wakati hayupo.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi saa za siku ya kawaida na za siku ya mapumziko. Ikizidi saa 8 hivi za mfululizo, egemea kwenye joto la polepole. Ikiwa chini ya hapo, tena kwa kukatika katika, egemea kwenye la haraka.

Hatua ya 4: Chunguza nishati iliyopo

Kama nyumba ina boila (mtambo wa kupasha maji moto) na mabomba ya radieta, kuna vifaa vinavyoweza kuungwa humo humo. Swali la kumuuliza fundi ni maji yanatoka yakiwa na nyuzi ngapi. Mfumo wa zamani hutembeza maji ya nyuzi 70 na zaidi, na pampu ya joto (mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje) hufanya kazi kwa nafuu ikiwa kati ya 35 na 45. Tofauti hii inabadilisha kila kitu. Kifaa cha feni kilichoandikwa kilowati 2 kwa maji ya nyuzi 70 kitatoa karibu kilowati 1 tu ukikipa maji ya 45, kwani nguvu yake inafuata tofauti kati ya maji na hewa ya chumba. Kama una mpango wa kuhama kutoka boila kwenda pampu ya joto miaka ijayo, chagua leo kifaa kinachotosheleza kwa maji vuguvugu.

Kwa upande wa umeme, kila kifaa kinachobadilisha umeme kuwa joto moja kwa moja, kiwe mkeka wa sakafuni, paneli au hita ya feni, kinatoa kilowati-saa 1 kwa kilowati-saa 1. Hakuna kinachomshinda mwenzake, hata tangazo liseme nini. Pampu ya joto peke yake ndiyo inayotoa 3 au zaidi kwa 1, kwa kuwa haitengenezi joto bali inalihamisha kutoka nje. Ukitaka kulinganisha na boila ya gesi, gawa bei ya kilowati-saa ya umeme kwa bei ya kilowati-saa ya gesi. Pampu yenye ufanisi wa 3 itakuwa nafuu kuliko boila yenye ufanisi wa asilimia 90 ikiwa jibu halizidi 3.3.

Hatua ya 5: Sasa ndiyo uvitazame vifaa

*Joto la sakafuni.* Kwa chumba kinachotumika kutwa na kilichozibwa vizuri, hili ndilo chaguo langu la kwanza, na halichukui hata inchi moja ya ukuta. Warumi walipitisha moshi wa moto chini ya sakafu zao, na Wakorea wana ondol, sakafu yao ya kupashwa joto, tangu enzi. Siku hizi ni mabomba ya plastiki, kwa kawaida ya milimita 16, yaliyolazwa kwa nafasi ya milimita 150 hadi 200 ndani ya saruji au kwenye vibao vyenye mifereji. Bomba la mzunguko mmoja halitakiwi kuzidi mita 100 hivi. Kwa nafasi ya milimita 150, mita 100 zinafunika kama mita za mraba 15, kwa hiyo zile mita 28 za jiko letu zinahitaji mizunguko miwili.

Ukomo wake ni wa nyayo. Sakafu ya mahali watu wanapokaa haitakiwi kuzidi nyuzi 29, na kwa mbao mara nyingi ni 27. Kwa nyuzi 29 katika chumba cha 20, sakafu inatoa karibu wati 100 kwa mita ya mraba na si zaidi. Halafu mabomba hayapiti chini ya makabati ya kudumu, chini ya friji, wala chini ya meza ya kazi iliyojengewa katikati. Katika mita zetu 40, ondoa 12 za makabati, zimebaki 28. Chumba kilichozibwa kinahitaji 1,545 kugawa kwa 28, yaani wati 55 kwa mita. Sakafu itakaa kwenye nyuzi 25 hivi. Ukikanyaga peku hutasema ni ya moto, utaona tu kwamba si ya baridi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Chumba cha nyumba ya zamani kinahitaji 4,312 kugawa kwa 28, yaani wati 154. Hapo sakafu peke yake imeshindwa, na hakuna fundi wa kubadilisha hilo. Ama uzibe chumba kwanza, au uongeze kifaa cha pili.

Kihami cha chini ya mabomba si mahali pa kubania fedha, maana bila hicho unapasha udongo joto. Kwa juu, vigae na mawe hupitisha joto vizuri, mbao za tabaka hufaa, na zulia nene ni kizuizi. Jumla ya ukinzani wa joto wa vinavyolazwa juu isizidi 0.15 kwa kipimo kinachoandikwa kwenye lebo za sakafu. Kama huwezi kuchimba, zipo aina nyembamba za milimita 15 hadi 22 zinazolazwa juu ya sakafu iliyopo. Hizo hupata joto haraka zaidi kuliko saruji, ila kumbuka kwamba milango itahitaji kukatwa chini na kidato cha ngazi ya kwanza kitapungua kimo.

Mkeka wa umeme chini ya vigae ni mwepesi kuweka na una wati kama 150 kwa mita ya mraba. Ni mzuri kwa kipande kidogo, kwa mfano pale mbele ya sinki unaposimama. Kuupa chumba kizima cha mita 28 ni kuwasha zaidi ya kilowati 4 za umeme mtupu. Fundi aupime ukinzani wa umeme mara tatu: kabla ya kuulaza, ukishalazwa, na vigae vikishawekwa. Pia uungwe kwenye kikata umeme kinachohisi uvujaji wa miliampia 30.

*Hita ya chini ya kabati.* Huu ndio ufumbuzi ambao watu hawaufikirii. Chini ya kila kabati la jiko kuna ule ubao wa kuziba miguu, na nyuma yake kuna utupu wa sentimita 10 hadi 15 ambao hautumiki kwa lolote isipokuwa kukusanya vumbi. Humo hukaa kifaa chembamba chenye feni, cha maji au cha umeme, kinachotoa kilowati 1 hadi 2. Kinachoonekana nje ni wavu tu. Kwa mtu anayetaka joto la haraka asubuhi, na ambaye mabomba ya radieta iliyoondolewa bado yapo karibu, sioni cha kukishinda kwa ukubwa wake.

Kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni kelele, kwa hiyo kisikilize kikiwa kazini kabla ya kununua, tena katika kasi ya chini, kwa sababu ndiyo utakayoishi nayo. Ya pili ni uchafu: makombo, unga na mafuta yatavutwa kwenye wavu, kwa hiyo kiungwe kwa mipira inayopinda ili kivutike nje chote kusafishwa. Ya tatu ni kwamba vingi vina swichi inayozuia feni kuwaka hadi maji yafike nyuzi 40 hivi. Ukiwa na pampu ya joto inayotoa 38, feni haitawaka kamwe na utamwita fundi bure. Ulizia aina ya maji ya joto la chini. Kisiwekwe karibu na friji, wala pale miguu ya anayeosha vyombo itakapopulizwa saa nzima.

*Hita ya mferejini.* Ni mfereji ndani ya sakafu, mbele ya milango ya vioo, wenye kipasha joto ndani na wavu juu. Kazi yake ni moja, na inaifanya vizuri: hewa inayogusa kioo baridi hushuka, hutambaa sakafuni na kukupata vifundoni. Mfereji huikamata pale pale na kuirudisha juu ikiwa na joto. Unahitaji kina cha sentimita 9 hadi 15, kwa hiyo ni wa kupanga kabla sakafu haijajengwa. Ukiwa na vioo vitatu vyenye U ya 0.8 au chini ya hapo, baridi hiyo ya kushuka karibu inatoweka na mfereji unakuwa pambo la gharama.

*Kiyoyozi kinachopasha joto.* Kwa chumba kimoja kisicho na mabomba, pampu ya joto ya hewa kwa hewa ndiyo inayotoa joto la gharama nafuu kuliko vyote vya umeme, na wakati wa jua kali inapoza. Mtego uko kwenye lebo. Nguvu iliyoandikwa kwa kawaida imepimwa nje kukiwa na nyuzi 7, na baridi ikizidi nguvu hushuka, tena kuna dakika ambazo mashine ya nje inajiyeyusha barafu. Soma jedwali la nguvu kwenye nyuzi za baridi ya eneo lako. Usichukue kubwa mno pia, kwani mashine isiyoweza kushuka chini ya kile chumba kinachohitaji itawaka na kuzima kutwa. Mahali pa kuifunga ni hoja nzito kuliko chapa yake: isipulize mezani, isipulize juu ya moto wa jiko, na isikae pale mvuke wa mafuta unapopita, la sivyo machujio yataganda mafuta. Kumbuka pia bomba la kutolea maji.

*Paneli za infraredi.* Zinafungwa darini, uso wake ukifika karibu nyuzi 100, na zinapasha watu na vitu badala ya hewa. Kwa chumba chenye dari ndefu zina maana, kwa sababu hazina hewa ya moto ya kupotelea juu. Lakini miale haipindi kona wala haipiti kwenye mbao. Funga paneli juu ya meza ya chakula, kaa chini, na utagundua kichwa na mabega yako juani huku magoti yakiwa kivulini mwa meza. Ni kifaa cha nyongeza kwa saa chache. Kukifanya kiwe tegemeo la chumba kizima siwezi kukushauri.

*Stovu ya kuni.* Uzuri wake haupingiki, hesabu yake ndiyo ngumu. Stovu za kawaida zinaanzia kilowati 5 hivi, na chumba chetu kilichozibwa kinataka 1.5 siku ya baridi kuliko zote. Utafungua milango ya vioo ili upumue. Kisha kuna kifyonza moshi: kikivuta mita 400 za hewa kwa saa katika chumba kisicho na upenyo, hewa ya kufidia itashuka kupitia dohani na kuleta moshi ndani pamoja na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaua. Anayetaka vyote viwili aweke stovu inayovuta hewa yake moja kwa moja kutoka nje, swichi inayozuia kifyonza kuwaka dirisha likiwa limefungwa, na king'ora cha kaboni monoksaidi. Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20.

*Joto la ubao wa ukutani.* Mabomba yanafichwa ndani ya ubao wa chini ya ukuta. Vizuri, ila pima kwanza ni mita ngapi za ukuta zimebaki wazi. Zikiwa 6, kila mita inatakiwa kutoa zaidi ya wati 250. Mtake muuzaji akuonyeshe namba hiyo kwa nyuzi za maji yako mwenyewe.

Hatua ya 6: Fikiria kuoanisha viwili

Majiko ya wazi yenye joto zuri mara nyingi yana vifaa viwili: kimoja cha kushikilia, kingine cha kusukuma. Sakafu inashika nyuzi 18 muda wote, na hita ya chini ya kabati inapandisha hadi 20 au 21 watu wanapoamka. Au kiyoyozi kinabeba chumba, na mkeka mdogo unaondoa ubaridi wa vigae mbele ya sinki. Kwa chumba kile cha wati 4,300, sakafu ikitoa 2,800 na mfereji mbele ya vioo ukimalizia 1,500, mambo yanakwenda.

Nisichokishabikia ni kuweka viwili vya polepole, au viwili vya haraka. Hapo umelipa mara mbili kwa kazi moja.

Hatua ya 7: Kabla saruji haijamwagwa

Saruji ikishamwagwa haizoleki, kwa hiyo siku hiyo uwepo. Mabomba yawe yamejazwa maji na kuwekwa chini ya shinikizo tangu jana yake, na kipimo kibaki hapo hapo saruji inapomwagwa. Mtu akitoboa bomba kwa toroli, sindano ya kipimo itashuka nanyi mtajua kabla halijafunikwa. Piga picha kila kona ukiwa umelaza futi ya kupimia sakafuni. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa siku utakapotaka kutoboa sakafu ili kufunga kizuia mlango. Ukanda laini wa pembezoni mwa kuta usisahaulike, maana sakafu ikipata joto hutanuka.

Makabati na meza ya katikati yawe yameshachorwa kwenye ramani ya mwisho. Ukiamua kuihamisha meza nusu mita baada ya mabomba kulazwa, utapasha joto droo za vijiko.

Kisha subiri. Saruji ya kawaida ipewe siku 21 angalau kabla ya kuwashwa, na ile ya aina ya anhidraiti (yenye jasi badala ya simenti) siku 7. Maji ya kwanza yasizidi nyuzi 25 kwa siku 3, halafu yapandishwe hadi kiwango cha juu cha mfumo kwa siku 4 nyingine. Ukiharakisha, sakafu itapasuka, na vigae vitapasuka pamoja nayo.

Thamostati, yaani kidhibiti kinachopima joto la chumba na kuwasha au kuzima kifaa, iwe kwenye ukuta wa ndani, kimo cha mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, mbali na oveni, mbali na ubavu wa friji na pasipofikiwa na jua la milango ya vioo. Ikikaa karibu na oveni, itaamini chumba kimeshapata joto kila unapooka, na walio mwisho wa meza ndio watakaolipa. Kipimajoto cha sakafuni nacho kipitishwe ndani ya kibomba chake, kati ya mabomba mawili ya maji, ili kikifa kivutwe na kingine kiingizwe bila kung'oa hata kigae kimoja.